Mvuto: Istilahi ya Kuipimia Siga Kubwa

Wasokotaji wa Havana huiita "tiro". Wafaransa husema "tirage", Wajerumani "Zug", Waingereza "draw". Maneno yote manne yana asili ya vitenzi vya kuvuta, na yote yanataja sifa moja ya siga: wepesi au ugumu wa hewa kupita ndani yake mtu anapoivuta kwa kinywa. Kiswahili bado hakijaipa sifa hiyo jina moja linalokubalika. Makala hii inapendekeza "mvuto", kisha inaonyesha jinsi istilahi hiyo inavyofanya kazi katika kuipima siga ndefu na nene ya daraja la juu, ambako hitilafu ndogo ya mvuto hudhihirika kuliko kwingine kote.

Kwanza tukubaliane juu ya kitu chenyewe. "Sigara" kwa wasemaji wengi wa leo ni ile nyembamba ya karatasi. "Biri" wengi wanaijua kuwa ni tumbaku kidogo iliyofungwa kwa jani la mti mwingine, kwa mtindo wa Kihindi. Hapa nitasema "siga" kwa maana ya msokoto wa majani matupu ya tumbaku, usio na karatasi wala kichungi. Siga bora husokotwa kwa mkono na ina sehemu tatu: majani ya ndani yanayoijaza, jani la kufungia linaloyashika pamoja, na jani la juu linaloipa sura na sehemu ya ladha.

Mfano wetu uwe Lusitanias ya Partagás, chapa iliyoanzishwa Havana mwaka 1845 na Jaime Partagás. Siga hii ina urefu wa milimita 194 na unene wa 49. Unene wa siga hupimwa kwa sehemu za 64 za inchi, kwa hiyo 49 ni kipenyo cha zaidi kidogo ya milimita 19. Mvutaji asiye na haraka huimaliza kwa saa moja na nusu au zaidi. Chapa hiyohiyo hutengeneza siga fupi iitwayo Serie D No. 4, yenye urefu wa milimita 124 na unene wa 50. Unene wao unakaribiana sana. Kinachozitofautisha ni urefu, na urefu huo ndio unaoanzisha suala zima la mvuto.

Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa Henry Darcy alichapisha majaribio aliyofanya Dijon juu ya maji yanayopenya mchanga. Alionyesha kwamba tabaka la mchanga likirefuka, msukumo unaohitajika kupitisha maji yaleyale huongezeka kwa kiasi hichohicho, na likipanuka, msukumo hupungua. Hewa inayopita polepole katika majani yaliyoshindiliwa hufuata kanuni hiyo. Kama msokotaji angeijaza Lusitanias kwa msongamano uleule wa Serie D No. 4, siga ndefu ingempinga mvutaji kwa zaidi ya mara moja na nusu ya ile fupi. Siga inapoungua na kufupika, upinzani huo ungepungua hatua kwa hatua. Ndiyo maana siga kubwa haitengenezwi kwa kurefusha tu siga ndogo. Mpangilio wake wa ndani lazima ufikiriwe upya.

Upinzani huo unapimika. Kwa sigara za karatasi upo utaratibu wa kimataifa, ISO 6565: hewa hupitishwa kwa mtiririko wa mililita 17.5 kwa sekunde, na tofauti ya shinikizo kati ya ncha mbili husomwa kwenye kipimo. Kwa kiasi hicho kinachopimwa, wanafizikia wanaoandika Kiswahili tayari wametuwekea neno "ukinzani", wanalolitumia kwa umeme. Basi "ukinzani wa mvuto" ni tarakimu inayosomwa na mashine, na "mvuto" ni sifa anayoihisi mtu midomoni. Huko Kuba, tangu miaka ya mwanzo ya 2000, viwanda vimekuwa vikitumia mashine za kupima ukinzani wa msokoto kabla haujavishwa jani la juu. Msokoto ulioziba hurudishwa mezani ufunguliwe na kupangwa tena.

Mezani hapo ndipo mvuto unapotengenezwa au kuharibiwa. Msokotaji mzoefu hukunja kila jani la ndani peke yake likawa mrija, kisha huikusanya mirija hiyo kiganjani ili njia za hewa ziende moja kwa moja kutoka mguuni mwa siga, yaani ncha inayowashwa, hadi kichwani, yaani ncha inayotiwa mdomoni. Njia ya haraka zaidi ni kuyalaza majani pamoja na kuyakunja kwa mara moja. Ni rahisi, lakini katika siga ndefu ni rahisi pia kwa mkunjo mmoja kukatiza njia ya hewa. Jani zito na kali, linaloungua polepole, huwekwa katikati. Majani mepesi yanayoshika moto haraka hulizunguka. Uti wa jani ukisahauliwa ndani, au kiganja kikibana zaidi sehemu moja, hutokea fundo ambalo halionekani kwa macho. Baada ya kufungwa, misokoto hulazwa katika kalibu za mbao na kubanwa ishike umbo, kisha jani la juu huzungushwa na kichwa kufunikwa kwa kipande kidogo cha jani.

Mnunuzi naye ana sehemu yake. Jani la tumbaku hunywa unyevu na kuvimba, na likivimba njia za hewa husinyaa. Wahifadhi wengi hulenga unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 65 na 70. Mtu anayeweka siga Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, ambako unyevu mara nyingi hupita kiwango hicho, asikimbilie kumlaumu msokotaji. Aihamishie kwenye kisanduku kikavu zaidi na kuiacha ipumzike. Mkato pia una athari. Kichwa kinatakiwa kikatwe juu kidogo ya pale kifuniko kinapokomea, maana mkato wa chini huifumua siga na mkato mdogo mno huzuia hewa ambayo majani yenyewe yangeipitisha.

Kupima mvuto huanza kabla ya kiberiti. Mpimaji hukata kichwa, hutia siga mdomoni na kuvuta hewa tupu. Huu tuuite "mvuto mkavu". Unampa mambo mawili kwa mpigo: ukinzani wa siga nzima ikiwa katika urefu wake kamili, na ladha ya jani ambalo halijaguswa na moto. Kisha huwasha mguu polepole mpaka duara lote liwake sawasawa, na kuanzia hapo huipima siga kwa theluthi tatu.

Katika theluthi ya kwanza ya siga kubwa, moshi husafiri njia ndefu ndani ya majani kabla ya kufika kinywani. Hupoa, na sehemu ya mvuke na utomvu wake hubaki njiani. Ladha huwa laini, na mvuto mgumu kidogo unaweza kuvumiliwa. Katika theluthi ya kati moto umepata mwendo wake, na hapa ndipo siga iliyosokotwa vizuri hutoa ubora wake wote. Theluthi ya mwisho ndiyo mtihani. Urefu umepungua, lakini utomvu uliokusanyika tangu mwanzo sasa umejaa karibu na kichwa, moto umekaribia midomo, na nikotini inahisiwa zaidi. Siga iliyokuwa na mvuto mzuri saa moja iliyopita inaweza kuziba hapa. Kwa hiyo anayeandika "mvuto mzuri" bila kutaja theluthi hajaipima siga kubwa. Amepima mwanzo wake.

Mvuto ukikosewa, kila kitu kingine hupimwa kimakosa. Siga iliyolegea hupitisha hewa nyingi, moto hupanda, na ladha hugeuka chungu na ya kuunguza ulimi. Mpimaji atalilaumu jani, kumbe kosa ni la mkono. Iliyobana humlazimisha mtu kuvuta kwa nguvu kama anayenyonya uji mzito kwa mrija. Moshi huja kidogo, siga huzimika, na kila inapowashwa upya huacha ladha ya majivu. Hata moto unaopanda upande mmoja, au unaokula ndani na kuacha jani la juu limesimama, mara nyingi chanzo chake ni hewa iliyokosa njia iliyo sawa. Majarida kama Cigar Aficionado la Marekani, lililoanza mwaka 1992, huwapa wapimaji siga zilizoondolewa nembo na kuzipa alama kati ya 100. Alama hizo hazina maana kwa msomaji asiyejua mvuto ulichangia nini.

Sasa tuhukumu istilahi zenyewe. "Uvutaji" limezoeleka katika mabango na sheria, lakini muundo wake unalikataa. Nomino za u- na -aji hutaja tendo kwa upande wa mtendaji: uvutaji, uchezaji na utangazaji ni kazi za mtu. Nomino za m- na -o hutaja namna au hali ya kitu: mwendo wa gari, mlio wa ngoma, msokoto wa kamba. Uvutaji ni wa mtu. Mvuto ni wa siga. "Mkondo wa hewa" linaeleweka, ila linataja kinachopita, si urahisi wake wa kupita, na haliungani vizuri na vivumishi. Wapo watakaosema kwamba mvuto tayari ni haiba ya mtu. Ni kweli, na Zug ya Wajerumani ni treni pia, wala hawachanganyikiwi. Zaidi ya hapo, neno letu linaweza kwenda mbali kama wenzake walivyokwenda: Mfaransa husema tirage ya dohani, nasi tunaweza kusema dohani ina mvuto mzuri.

Vivumishi vipangwe pia. Napendekeza ngazi tano: mvuto mlegevu, mwepesi, wa kadiri, mgumu, na ulioziba. Tusiseme "mvuto mzito", kwa sababu uzito unafaa zaidi kwa moshi. Tusiseme "mvuto mkali", kwa sababu sigara kali kwa wavutaji wetu ni ile yenye nguvu ya nikotini. Siga inaweza kuwa kali yenye mvuto mwepesi, au laini yenye mvuto mgumu.

Limebaki jambo moja ambalo istilahi inapaswa kulibeba kwa uaminifu. Kuvuta kwa Kiswahili ni pamoja na kuvuta pumzi, na mvutaji wa sigara huita tendo moja "pafu". Siga haivutwi hivyo. Tumbaku yake ni ya jamii ambayo wakulima wa Tanzania huiita tumbaku ya hewa, inayokauka kivulini, tofauti na tumbaku ya mvuke inayokaushwa kwa joto la bani. Tumbaku hiyo ya siga huvundikwa baadaye, na moshi wake huelekea ualkali, hivyo nikotini hupenya kwenye ngozi laini ya kinywa bila kufika mapafuni. Kwa sababu hiyo kipimo cha tendo moja kiitwe "funda la moshi": moshi hujaa kinywani, huonjwa, kisha hutolewa. Funda moja kwa dakika linatosha kuiweka siga hai bila kuipasha joto kupita kiasi.

Lakini funda si kinga. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, katika ripoti yake ya 1998 juu ya siga, ilieleza kwamba siga moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku ya pakiti nzima ya sigara, na kwamba saratani za kinywa, zoloto na umio huwapata hata wasioshusha moshi mapafuni. Mwandishi anayeeleza ladha ya saa mbili ana wajibu wa kueleza na hili, kwa lugha ileile iliyo wazi.

Tukiyapanga maneno haya, tathmini ya siga inaweza kuandikwa kwa Kiswahili kisichohitaji kuazima istilahi mpya: mvuto mkavu wa kadiri, mwepesi katika theluthi ya kwanza na ya kati, mgumu katika ya mwisho, ukali wa wastani, moto sawa. Msomaji wa mistari hiyo anajua siga ilivyosokotwa, ilivyohifadhiwa na ilivyoungua, na anaweza kubishana na mpimaji hoja kwa hoja.