Neno Lifuatalo Kitenzi cha Kutendwa katika Kiingereza

Wanafunzi wa Kiingereza hufundishwa mapema kwamba kitenzi cha kutendwa hufuatwa na neno “by”, na kwamba neno hilo ni sawa na “na” yetu tusemapo: mtoto alipigwa na baba yake. Kanuni hii si ya uongo, ila ni changa. Waingereza walinena na kuandika karne nyingi kabla haijapata nguvu, na mwalimu asiyejua habari hiyo aweza kukisoma vibaya kitabu kilichomo mikononi mwake kila siku, yaani Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611.

Na tufuate aya moja tu, Mathayo 4:1, kwa kuwa ina watendaji wawili: Roho aongozaye, na Ibilisi ajaribuye. Katika Injili zilizofasiriwa kwa Kiingereza cha kale, yapata mwaka 1000, watendaji hao wote wawili hutanguliwa na “fram”, neno ambalo leo ni “from”, maana yake “kutoka”. Tendo lilihesabiwa kuwa latoka kwa mtendaji, kama mto utokavyo katika chemchemi yake. Kilatini hufanya vivyo hivyo kwa “ab”, na Kijerumani hata leo kwa “von”. Tukishuka mpaka mwisho wa karne ya 14, katika tafsiri iitwayo ya Wycliffe, “fram” imekwisha kuondoka, na mahali pake pameshikwa na “of”. William Tyndale mwaka 1526 aliandika “of”. Wafasiri wa 1611 waliandika “of”. Hata warekebishaji wa 1881 hawakuligusa. Ni katika Agano Jipya lililotolewa Marekani mwaka 1946 ndipo twakuta “by”.

Hatua ya kutoka “fram” hata “of” ilikuwa fupi, kwa maana “of” nalo lilikuwa na maana ya kutoka. “Of” na “off” zilikuwa neno moja zamani. Lakini “by” ni mgeni wa namna nyingine. Asili yake ni “kando” au “karibu”, nayo maana hiyo ingali hai mtu asemapo ameketi “by the door”. Kitu kilicho karibu ndicho kitumiwacho. Basi neno likapata maana ya njia au chombo, kisha ya mtu aliyetumwa, na mwisho, tangu karne ya 14, likaanza kumtaja mtendaji mwenyewe. Wataalamu wengine huona hapa mkono wa Kifaransa, chenye “par” kwa kazi hiyohiyo. Hata hivyo halikushinda upesi. Ni katika karne ya 17 ndipo “of” ilipozidiwa kabisa.

Mimi naona sababu moja ya kushindwa kwake ni mizigo mingi. “Of” lilikuwa likitaja mwenye mali, kitu kilichotumiwa kutengenezea, jambo linenwalo habari zake, na zaidi ya hayo mtendaji. Mizigo hiyo yaonekana wazi katika Mathayo 1:22 ya mwaka 1611. Neno lililonenwa lafuatwa kwanza na “of” kwa ajili ya Bwana, kisha na “by” kwa ajili ya nabii. Msomaji wa leo, akitumia kanuni ya shuleni, atasadiki kwamba nabii ndiye mwenye kunena, na kwamba alinena habari za Bwana. Sivyo. Bwana ndiye mnenaji, na nabii ni kinywa chake. “By” hapo lingali katika maana yake ya zamani ya njia. Kiyunani chatofautisha wazi kwa “hypo” na “dia”, na Kiswahili hakitatiziki: limenenwa na Bwana kwa kinywa cha nabii. Warekebishaji wa 1881 waliona hatari, wakaweka “by” kwa Bwana na “through” kwa nabii. Ile “of” ya 4:1 waliiacha, nadhani kwa sababu hapo hapana awezaye kupotea.

Yaliyosalia ya zamani yamo katika maneno ya kila siku. Jambo huwa “known to” watu wote, mlima huwa “covered with” theluji, na mtu huwa “interested in” kazi yake. Meza ni “made of” mbao, karatasi ni “made from” mbao, kwa kuwa mbao zimegeuka zisionekane tena. Na zote mbili ni “made by” fundi. Aliyeshtushwa na mbwa jana alikuwa “frightened by” mbwa; aogopaye mbwa siku zote ni “frightened of” mbwa. Hapa pana jambo la kushika: pale kitenzi kinapotaja tukio, “by” huingia; pale kinapokaribia kuwa sifa ya mtu, maneno mengine hudumu.

Mwanafunzi wetu hukwazwa na “na” yake mwenyewe, kwa kuwa hutaja mtendaji na mwenzi pia. Akiandika kwamba alipigwa “with” baba yake, Mwingereza ataelewa kuwa wote wawili walichapwa, au, vibaya zaidi, kwamba baba alitumiwa kama fimbo.

Lakini kuna utendwa wa Kiingereza ulio karibu sana na wetu. Tangu karne ya 13 na ya 14 Waingereza walianza kusema mtu ni “laughed at”, kitanda ni “slept in”, jambo ambalo Kiingereza cha kale hakikuliweza. Kihusishi hubaki nyuma ya kitenzi bila jina la kukishika, nacho hakiondoleki; hata Robert Lowth, ambaye sarufi yake ya 1762 ilipendelea kihusishi kisiachwe mwisho wa sentensi, asingaliweza kukihamisha hapa. Sisi hukitia ndani ya kitenzi chenyewe: kulala, kulalia, kulaliwa. Kitanda kimelaliwa, nasi tumenyeshewa, “rained on”.

Ila Kiingereza husimama mapema. Sharti kitu kionyeshe alama ya tendo, kama shuka zilizokunjamana. Haisemwi kwamba mji ni “slept in” kwa kuwa msafiri mmoja alilala humo. Nasi twajiwa na wageni, twafiwa na wazazi, na hayo Mwingereza hana njia ya kuyasema kwa “come” wala kwa “die”. Asemaye “nimefiwa na mama” hana budi kuigeuza sentensi yote, amfanye mama kuwa ndiye aliyekufa, au aseme kwamba yeye amempoteza.