Matairi ya Arusha, matairi ya Nairobi

Wadau, leo tuongelee matairi. Ukisikia watu wanabishana nani yuko mbele kwa viwanda kati ya Kenya, Uganda na Tanzania, waulize kwanza wanapima kwa kipimo gani. Ubishi huu umetuzidi umri wengi wetu.

Mwaka 1964, katika Makubaliano ya Kampala, nchi hizi zilijaribu kugawana viwanda. Soko lilikuwa moja lakini viwanda vingi vilikuwa Kenya, na Tanganyika ilichoka kuwa mnunuzi tu. Ikapewa matairi na kuunganisha Land Rover. Uganda ikapata baiskeli na mbolea, Kenya balbu za umeme. Makubaliano hayakutekelezwa yote. Kufika miaka ya 1970, Arusha kulikuwa na General Tyre na Nairobi kulikuwa na Firestone. Jirani kwa jirani, kila mmoja na lake!

Mkataba wa Jumuiya wa 1967 ulileta dawa mbili. Nchi yenye nakisi ya biashara ya bidhaa za viwandani iliruhusiwa kutoza bidhaa za jirani kodi isiyozidi nusu ya ushuru wa zile zinazotoka nje ya Jumuiya. Halafu Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki ikapangiwa mgawo wa uwekezaji: Tanzania asilimia 38.75, Uganda 38.75, Kenya 22.5. Hebu tazama hizo desimali. Watu walikuwa hawaaminiani.

Kwa mtazamo wangu, hesabu hizo ziliuliza kiwanda kiko wapi na nani anamuuzia nani. Hazikuuliza kiwanda kinajifunza nini. Cha kuunganisha vipuri vya kuagiza nacho kilihesabika kiwanda. Jumuiya ikafa 1977.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 UNIDO ikatoa kipimo chake: thamani inayoongezwa viwandani kwa kila raia, mauzo ya nje kwa kila raia, na uzito wa teknolojia ya kati na ya juu. Ni afadhali, ila simu iliyofungwa skrubu tu hapa ikiuzwa nje nayo inaingia kwenye teknolojia ya juu.

Jumuiya mpya, iliyoanza 2000, ina sera ya viwanda ya 2012 hadi 2032. Inataka thamani inayoongezwa nyumbani kwenye bidhaa za maliasili zinazouzwa nje ifike angalau asilimia 40. Hapo angalau inapimwa kazi iliyofanyika kwetu. Sera hiyo inaandikwa, General Tyre ya Arusha ilikuwa imeshaacha kuzalisha.