Radi, Mbwa wa Baltimore na Mikono Miwili

Upepo wenye unyevu hupanda kutoka Ziwa Victoria, ukifika kwenye miinuko ya Kericho, Kenya, unapoa, na alasiri mawingu yameshatanda juu ya mji mdogo wa Sosiot. Ukanda huu wa Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na kila mkulima wa chai anajua hasara yake. Radi huja na mvua hiyo hiyo.

Wazee wa Kikalenjin walimjua Ilat, mwenye ngurumo, tangu zamani. Katika kitabu chake cha mwaka 1909 kuhusu Wanandi, majirani na ndugu wa Wakipsigis, A. C. Hollis aliandika kwamba wapo wawili: mbaya, anayepasua anga akitaka kushuka kuua watu, na mwema, anayesikika akinguruma kwa mbali huku akimzuia mwenzake.

Anayeuawa na radi kwa kawaida huuawa na moyo, si na moto. Umeme hupita kufumba na kufumbua, mapigo yakazimika, na sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi ikalemaa. Mara nyingi moyo hujiwasha wenyewe. Pumzi huchelewa, na moyo uliokosa oksijeni husimama tena, safari hii kwa kifo. Ndiyo maana radi ikiangusha watu kadhaa, waokoaji hufundishwa jambo linaloonekana kichekesho: waanze na walio kama maiti. Anayelia ana pumzi, atasubiri. Kumgusa aliyepigwa si hatari, kwani umeme haubaki mwilini mwake.

Maarifa ya kumfufua mtu ambaye moyo wake umesimama yenyewe yalizaliwa na umeme. Miji ya Marekani ilipojaa nyaya, mafundi walikuwa wakinaswa na kufa, na kampuni za umeme zikatoa fedha za utafiti. William Kouwenhoven, mhandisi wa umeme na wala si daktari, alitumia miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, akitafuta mashine ya kuushtua moyo urudie mapigo yake. Mwaka 1958 mwanafunzi wake, Guy Knickerbocker, alikuwa akifanya majaribio kwa mbwa ambao mioyo yao ilikuwa imesimamishwa. Alipokandamiza vibao vizito vya mashine kifuani, kabla hata umeme haujawashwa, aliona shinikizo la damu likipanda. Uzito tu ulikuwa ukiisukuma damu!

Daktari wa upasuaji James Jude akaungana nao, na mwaka 1960 wakachapisha matokeo ya wagonjwa 20 waliobonyezwa kifua kwa mikono: 14 walipona. Walisema wazi kwamba kazi hiyo yaweza kuanzishwa na yeyote, popote, kwa mikono miwili. Katika mji huo huo Peter Safar, pamoja na James Elam, alikuwa ameshaonyesha kwamba kupuliza hewa mdomo kwa mdomo kunashinda mbinu za kale za kumlaza mtu kifudifudi na kumbonyeza mgongo. Mwaka huo huo wa 1960, mtengenezaji wa wanasesere wa Norway, Åsmund Lærdal, alitoa mwanasesere wa mazoezi mwenye sura ya msichana asiyejulikana, anayesemekana alizama mtoni Seine, Paris. Basi mamilioni ya watu wamejifunza kuokoa roho kwa kuinamia uso huo.

Hapo wataalamu wakaikalia elimu yao. Mwaka 1966 mapendekezo ya Marekani yaliwalenga wahudumu wa afya. Raia wa kawaida wakafunguliwa mlango mwaka 1974. Kwa maoni yangu ile miaka 8 ilikuwa choyo tu.

Kenya nayo ilikuwa na walimu. Msalaba Mwekundu, uliokuwa tawi la Uingereza, ulipata sheria yake Desemba 1965, na St John Ambulance iliendesha mafunzo tangu enzi za ukoloni. Lakini ramani ya chai iligawa bahati. Kampuni za Brooke Bond na Finlay zilifungua mashamba Kericho katika miaka ya 1920, na baadaye zikafuata zahanati na hospitali za kampuni. Mkulima mdogo, aliyeingia kwenye chai kwa wingi kupitia KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, tangu 1964, hakuwa na zahanati ya mwajiri. Sheria ya usalama kazini ya 2007 inadai sanduku la huduma ya kwanza na watu waliofunzwa; kiwandani inaeleweka, lakini mwenye nusu ekari nyuma ya nyumba yake atamdai nani?

Wahudumu wa afya ya jamii waliokabidhiwa mikoba ya vifaa Septemba 2023 wanabeba kipimo cha shinikizo la damu. Ni hatua kubwa, ila kipimo hicho hugundua hatari ya kesho. Aliyeanguka sasa anahitaji kifua kibonyezwe sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa mikono iliyonyooka.

Tangu 2008 Wamarekani wanamwambia asiyefunzwa abonyeze tu, asihangaike na kupuliza. Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla mjini, sawa. Kwa aliyepigwa na radi shambani ushauri huo haumtoshi, kwa kuwa pumzi ndiyo iliyokatika, na ikiwezekana apuliziwe mara 2 baada ya kila mibonyezo 30. Mahali pa kulifundisha hilo papo tayari: vituo vya kupimia majani chai, ambako watu hukaa na magunia yao wakingoja lori, mara nyingi huku mvua ikitishia.