"Muda mrefu sana" ni muda gani?

Mhariri wangu ana ugonjwa mmoja. Ukimwandikia "watu wengi" anakurudishia habari yako: wengi ni wangapi? Ukiandika "muda mrefu", anataka idadi ya saa. Zamani nilikuwa nanuna. Nimeacha tangu niliposoma yaliyotokea Dhahran.

Februari 25, 1991, Vita vya Ghuba vikiwa ukingoni, kombora la Scud kutoka Iraki liliangukia ghala lililogeuzwa bweni la askari wa Marekani mjini Dhahran, Saudia. Askari 28 wakafa. Mjini hapo palikuwa na mtambo wa Patriot, uliowekwa mahsusi kuzuia makombora ya aina hiyo. Haukufyatua kitu. Kisa? Saa yake ilikosea kwa theluthi moja tu ya sekunde.

Hesabu yenyewe si ngumu, nifuate. Kompyuta ya Patriot ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, kisha ikazidisha kwa 0.1 ili kupata sekunde. Lakini kompyuta huandika namba kwa sifuri na moja tu, na kwa uandishi huo 0.1 haina mwisho, kama sisi tunavyogawa 1 kwa 3 tukapata 0.333 isiyokwisha. Nafasi ilikuwa ya biti 24, kilichozidi kikakatwa. Kilichopotea ni kama 0.000000095. Nani angejali?

Tatizo, mtambo ulikuwa umewaka zaidi ya saa 100 mfululizo. Saa 100 ni sehemu za kumi 3,600,000. Zidisha mwenyewe: sekunde 0.34. Scud hukata zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde. Rada ikalitafuta kombora zaidi ya nusu kilomita kutoka lilipokuwa, isione kitu. Haba na haba hujaza kibaba, na kosa nalo hivyo hivyo.

Patriot ilibuniwa kwa vita vya Ulaya dhidi ya Wasovieti, ihamehame na kuwashwa saa chache tu kila kituo. Hakuna aliyefikiria saa 100.

Linaloniuma zaidi ni hili. Februari 11 Waisraeli walikuwa wameshawaambia Wamarekani kwamba baada ya saa 8 mtambo unaanza kupoteza shabaha. Februari 16 programu mpya ikatolewa. Februari 21 watumiaji wakapelekewa ujumbe kwamba kuuwasha "muda mrefu sana" kunaleta hitilafu. Saa ngapi? Haukusema. Kuzima na kuwasha upya, kazi ya dakika moja au mbili, kungeirudisha saa kwenye sifuri.

Programu mpya ilifika Dhahran Februari 26. Siku moja baadaye.

Kwa hiyo wenzangu wa kalamu, mhariri akikuuliza "ngapi?", usinune. Tafuta namba.