Bure na Huria: Maneno Mawili katika Historia ya Programu za Kompyuta

Mwingereza hutumia neno moja kwa chakula kisicholipiwa na kwa mfungwa aliyefunguliwa pingu. Kiswahili hakina shida hiyo. Tuna *bure* na tuna *huru*, na kutoka chimbuko lile lile la Kiarabu tukapata *huria*. Tena *bure* lenyewe lina tabaka zaidi ya moja: lipo la kutolipa, lipo la kazi isiyozaa tunda, lipo la mtu asiye na thamani. Naomba, msomaji, tuyashike maneno haya mawili, kwa kuwa historia ninayoisimulia imekaa katikati yake.

Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU. Alidai kwamba mtumiaji wa programu awe na haki ya kuitumia apendavyo, kuusoma msimbo wake, kuurekebisha na kuwagawia wengine. Kwa miaka mingi amelazimika kueleza kuwa alikusudia uhuru, si kutolipa, kwa sababu lugha yake ilimchanganyia mambo. Mwaka 1998 baadhi ya wenzake katika harakati hizo walibuni jina jingine, lenye kutaja uwazi wa chanzo badala ya uhuru. Sisi tunaposema *programu huria* tunaumaliza mjadala huo kwa neno moja.

Hata hivyo neno hilo nalo lina historia yake huku kwetu. Mimi ni mwenyeji wa Kitura, wilayani Mbinga, na katika milima hii ya Umatengo *huria* lilizoeleka kupitia kahawa. Katikati ya miaka ya 1990 ununuzi wa zao hilo ulifunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, likaja *soko huria*. Uhuru huo ulikuwa wa mnunuzi kwanza. Katika programu huria mambo yamepinduliwa: uhuru unaolindwa ni wa yule aliye mwishoni mwa mnyororo.

Uhuru huo ulijaribiwa Dar es Salaam. Kampuni ya Sun Microsystems ilikuwa imeufungua msimbo wa OpenOffice mwaka 2000, na kwa hiyo yeyote angeweza kuitafsiri pasipo kumbembeleza mwenye kampuni. Mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Sweden, ulifanya hivyo, na Desemba 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupanga hesabu iliyozungumza Kiswahili. Mwaka huo huo Microsoft nayo ilitangaza mpango wake wa Kiswahili. Lakini huko ratiba na uamuzi wa mwisho vilikuwa mikononi mwa kampuni. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Miaka ikapita. OpenOffice yenyewe ikagawanyika, LibreOffice ikazaliwa mwaka 2010, na jina la Jambo OpenOffice leo halisikiki maofisini. Kwa nini? Nionavyo mimi, jibu linapatikana katika utafiti uliochapishwa mwaka ule ule wa 2004. Jørn Braa, Eric Monteiro na Sundeep Sahay walichunguza mifumo ya taarifa za afya katika nchi zinazoendelea, wakahitimisha kwamba jaribio lililo peke yake, hata likiwa zuri, hunyauka. Linaloishi ni lile lililofungamana na majaribio mengine katika mtandao wa watu wanaotenda na kufundishana.

Nadharia hiyo ina ushahidi. Katika miaka ya 1990 programu huria ya DHIS ilianzishwa Afrika Kusini kwa ajili ya takwimu za afya. Baadaye Chuo Kikuu cha Oslo kikaongoza uundaji wa toleo la pili, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaungana na Wizara ya Afya kulirekebisha lifae nchini. Kufikia mwishoni mwa 2013 lilikuwa limeenea Tanzania Bara. Halikuanzia patupu. Lilikuta MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, wenye vitabu vya karatasi vya Kiswahili ambavyo wauguzi walikuwa wakivijaza tangu miaka ya 1990. Mjamzito anayepimwa katika zahanati ya kijiji, huku milimani au kule Mbamba Bay, huandikwa kitabuni. Mwisho wa mwezi hesabu hujumlishwa, hupelekwa wilayani, huingizwa katika kompyuta. Programu ilipandwa juu ya kazi iliyokuwapo, ikashika mizizi.

Hapa ndipo sisi wapenzi wa lugha tunapoguswa. Tumeshindana kwa miaka mingi kuhusu *kompyuta*, *tarakilishi* na *ngamizi*, tukidhani neno likisanifiwa vema litajipeleka lenyewe. Istilahi ni kama programu: haki ya kuiunda ni mwanzo tu, nayo hukaa pale mtu anapoihitaji asubuhi ili amalize kazi yake. Vitabu vya MTUHA vimeieneza misamiati ya Kiswahili hadi zahanati za vijijini pasipo hotuba wala kongamano. Huria isiyotumika hurudi kuwa bure, na hapo sikusudii bure ya kutolipa.