Ramani ya mashimo waliyoichora mawakili

Septemba 2023 ilitimia miaka 20 tangu jiji la New York lilipowatupia wenye majengo mzigo wa kuwalipa watu wanaoanguka kwenye njia za waenda kwa miguu. Hakuna aliyekata keki.

Ugomvi wenyewe ni mkongwe. Tangu karne ya 19, miji ya jimbo la New York ilimtaka mwenye kiwanja atengeneze kwa fedha zake kipande cha njia kilicho mbele ya mlango wake. Lakini kutengeneza ni jambo moja, kumlipa aliyevunjika mguu ni jingine. Mwaka 1890 mji wa Rochester, baada ya kumlipa majeruhi, ulimfuata mwenye nyumba mahakamani ili arudishe fedha hizo. Ukashindwa. Kwa zaidi ya miaka 100 ikabaki hivyo: mwenye nyumba anadaiwa zege, mji unadaiwa mguu.

New York ilichoka kulipa. Ilikuwa imenusurika kufilisika mwaka 1975, na chini ya Meya Ed Koch ikapata ujanja. Kuanzia Juni 1980, jiji halikulipa fidia ya kasoro ya barabara au njia ya miguu ila kama lilishapewa taarifa ya maandishi kuhusu kasoro hiyo hiyo, na siku 15 zikapita bila kuitengeneza. Wakubwa wakadhani wamemaliza. Nani huiandikia serikali barua kuhusu ufa ambao bado hajajikwaa?

Mawakili wa madai waliandika. Waliunda shirika, Big Apple Pothole and Sidewalk Protection, likaajiri watu wa kutembea mtaa kwa mtaa wakichora ramani: alama hii shimo, ile ufa, nyingine zege lililoinuka. Ramani zikapelekwa Idara ya Uchukuzi, maelfu kwa maelfu ya kasoro kwa mkupuo. Mahakama zikazikubali kuwa taarifa halali. Siku 15 zikaanza kuhesabiwa kwa jiji zima, na jiji lisingeweza hata kidogo kuziba yote hayo.

Wakubwa wa jiji waliuita huo ulafi, na faida kweli ilikuwepo. Hata hivyo, kazi ya kujua njia ilikuwa mbovu wapi ilikuwa ya serikali, na ilifanywa na watu waliosubiri watu waanguke. Serikali ilipewa orodha ya kazi zake bure, ikaichukulia kama uchokozi.

Kesi zikawa za kusoma michoro. Mwaka 2008 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilikaa kupima kama mchoro fulani kwenye ramani unafanana na alama yoyote kati ya zilizoelezwa pembeni yake. Ikaona haufanani, na majeruhi akakosa fidia.

Wakati huo ramani zilikuwa zimeshapoteza kazi yake kubwa. Sheria ya 2003, enzi za Meya Michael Bloomberg, ilimfanya mwenye jengo ndiye wa kushtakiwa, ikamtaka awe na bima. Waliosamehewa ni wenye nyumba za kuishi za familia moja hadi tatu, mradi mwenyewe anakaa humo.

Wapo wasiohusika sana na zogo hili. Huko Forest Hills Gardens, Queens, mtaa ulioanzishwa mwaka 1909, barabara ni mali ya shirika la wakazi. Wanachangia, wanatengeneza, na gari la mgeni lisilo na kibandiko huweza kufungwa gurudumu. Barabara nzuri, kwa wenye uwezo.

Iliyobaki ni miti. Jiji huipanda, mizizi hubinua zege, na kwa miaka mingi bili ilikwenda kwa mwenye nyumba ambaye hakuruhusiwa hata kukata mzizi bila kibali. Mwaka 2019 jiji lilikubali kubeba lenyewe gharama hiyo kwa wenye nyumba ndogo. Mwenye duka jirani, chini ya mti uleule, bado analipa.