Suzuki Cappuccino

Suzuki Cappuccino ni gari dogo la michezo, lenye viti viwili na paa la kuvuliwa, lililoundwa na kampuni ya Suzuki ya Japani baina ya mwaka 1991 na 1998, nalo, ijapokuwa limekwisha kutoka kiwandani zaidi ya robo karne, lingali na wapenzi wake katika nchi nyingi ambao hawajakata tamaa kwamba siku moja litaundwa upya. Kwa mpenda magari wa Uganda tamaa hiyo ina maana ya pekee, kwa kuwa sheria ya nchi imelifungia mlango gari lile la zamani, hata asibakiwe na njia ila kungoja jipya.

Asili

Mwaka 1949 serikali ya Japani iliweka daraja la magari madogo, yaitwayo magari ya kei, ili raia wa nchi iliyodhoofishwa na vita waweze kumiliki chombo kwa gharama nafuu. Na mipaka ya daraja hilo ikapanuliwa mara kadhaa, hata mwaka 1990 ikawa injini isizidi sentimita za ujazo 660, urefu usizidi mita 3.3, na upana usizidi mita 1.4. Mwenye gari la namna hii hutozwa kodi pungufu, na katika wilaya nyingi za mashamba halazimiki kuthibitisha kwamba anapo mahali pa kuliegesha, sharti ambalo mwenye gari kubwa hana budi kulitimiza. Fauka ya hayo, waundaji wenyewe walikubaliana kwamba nguvu ya injini isipite farasi 64.

Aghalabu mipaka hiyo ilizaa magari ya kwendea sokoni na pikapu za kubebea mazao. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati fedha zilipokuwa tele Japani na viwanda vikithubutu mambo yasiyo na faida ya hakika, yalitokea humo magari matatu ya michezo: Honda Beat, lenye injini nyuma ya viti, mwezi wa Mei 1991. Cappuccino, mwezi wa Novemba mwaka huohuo. Na Autozam AZ-1 la kampuni ya Mazda, mwaka 1992, ambalo milango yake hufunguka kwenda juu na ambalo injini yake ilitoka kwa Suzuki.

Umbo

Cappuccino lina urefu wa mita 3.295 na upana wa mita 1.395, na uzito wake, upatao kilo 700, haufiki nusu ya uzito wa basi dogo la Toyota Hiace lisilo na abiria. Injini yake ya kwanza, F6A, ina silinda tatu, ujazo wa sentimita 657 na turbo. Imelazwa mbele kwa urefu, huku nguvu ikipelekwa kwenye tairi za nyuma, na uzito umegawanywa karibu sawasawa baina ya mbele na nyuma, jambo ambalo humfanya dereva aone gari linamtii katika kona hata kwa mwendo usio mkubwa. Mwaka 1995 injini hiyo ilibadilishwa kwa K6A, ya sentimita 658.

Ustadi wa waundaji waonekana zaidi katika paa, ambalo ni vipande vitatu vya alumini vinavyovuliwa kimoja kimoja na kulazwa katika buti. Mwenye gari akivua viwili vya kando hubakiza kile cha katikati. Akivua vyote hubaki na nguzo ya nyuma pamoja na kioo chake. Na akitaka uwazi kamili huishusha nguzo hiyo pamoja na kioo nyuma ya viti. Buti likishabeba paa halibaki na nafasi ya mzigo wa maana.

Kukoma

Yaliundwa takriban magari 28,000, mengi yao yakauzwa Japani kwenyewe, na zaidi ya elfu moja yakapelekwa Uingereza baina ya 1993 na 1995. Uchumi wa Japani ulipoporomoka, wanunuzi waliyapendelea magari marefu ya kwenda juu, yenye kuenea jamaa na mizigo, kama Wagon R ambalo Suzuki hiyohiyo ililitoa mwaka 1993. Na mwaka 1998 zikaanza kanuni mpya za daraja la kei, zilizoruhusu mwili mkubwa zaidi ili abiria asalimike katika mgongano. Honda ilipojaribu tena kwa S660, mwaka 2015, gari lilitoka na uzito wa kilo 830, na mwaka 2022 nalo likakoma, kwa kuwa kanuni za moshi, kelele na usalama zilikuwa zikikazwa.

Matumaini ya kufufuliwa

Kwa miaka mingi magazeti ya magari ya Japani yamekuwa yakichapa michoro ya kubuni ya Cappuccino jipya, na wasomaji wakiipokea kama habari njema. Nguzo za matumaini hayo ni mbili. Ya kwanza ni urafiki wa viwanda: Toyota, ambayo tangu mwaka 2016 yaimiliki Daihatsu kwa ukamilifu, ilinunua hisa za Suzuki mwaka 2019, na watu hukadiri kwamba kampuni hizo zikishirikiana chasi moja, gharama ambayo mmoja asingeiweza yaweza kuchukuliwa na watatu. Ya pili ni mfano wa Daihatsu, iliyoonesha Tokyo mwaka 2023 gari la maonyesho liitwalo Vision Copen, lenye injini ya lita 1.3 mbele na msukumo nyuma, yaani mpango uleule wa Cappuccino, ila kwa mwili uliotoka nje ya mipaka ya kei.

Wapinzani wa matumaini hayo hujibu kwamba Suzuki hupata riziki yake kubwa India, ambako watu huhitaji magari ya jamaa ya bei nafuu, na kwamba gari la watu wawili lisilo na mahali pa mzigo halina soko huko.

Uganda ya Magharibi

Mapenzi ya magari ya michezo ya Kijapani si mageni katika Afrika ya Mashariki: Datsun 240Z ilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1971 na 1973, na mshindi wa mara hiyo ya pili, Shekhar Mehta, alikuwa mzaliwa wa Uganda. Na injini ya F6A, pasipo turbo, ndiyo iliyotiwa katika pikapu za Suzuki Carry za miaka ileile ya 1990, zinazoitwa Kirikuu Tanzania, hata fundi aliyezoea kuifungua Kirikuu asingekuwa mgeni kabisa mbele ya boneti la Cappuccino.

Barabara nazo zipo. Kutoka Hima, mji wa kiwanda cha saruji ulio kando ya njia ya Fort Portal, hata Kasese, na kutoka hapo kupitia Kikorongo hata Bwera na mpaka wa Mpondwe, lami hupita chini ya milima ya Rwenzori, ingawa gari lililo chini namna hii lingepata taabu kwenye matuta, na dereva wake angekaa kimo cha magurudumu ya malori ya saruji.

Kizuizi ni sheria. Marekebisho ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 2018 yanakataza kuingiza Uganda gari lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa, na Cappuccino la mwisho liliupita umri huo mwaka 2013, kabla ya katazo lenyewe. Kenya, ambayo bandari yake ya Mombasa hupokea magari mengi yaendayo Kampala, ina mpaka mkali zaidi wa miaka minane kwa yale yanayobaki kwake.

Na kuhusu tumaini la Cappuccino jipya, Uganda yenyewe ina mfano wa hesabu za viwanda. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilionesha Kiira EV, gari la umeme la viti viwili, likashangiliwa. Lakini kampuni ya Kiira Motors iliyotokana na kazi hiyo ilielekea kuunda mabasi, kwa kuwa wanunuzi wa mabasi wapo. Suzuki nayo, maadamu haijaona wanunuzi wa kutosha, haitaunda Cappuccino jipya kwa kuwaonea huruma wapenzi wake. Mkazi wa Kasese au Bwera anayetaka gari dogo la Kijapani la wazi na afikirie Daihatsu Copen la kizazi cha pili, lililoanza kuundwa mwaka 2014, ambalo bado halijaufikia umri uliokatazwa na sheria hiyo.